THOMAS EDISON NA BETRI ILIYOMTOA JASHO MIAKA KUMI

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule yetu Thomas Edison alikuwa nani, atakujibu bila kusita kwamba ni yule Mmarekani wa balbu. Jibu hilo si baya. Lakini iko kazi nyingine ya mzee huyo ambayo haisimuliwi sana, ingawa ilimla miaka kumi, fedha nyingi na usingizi usiohesabika. Ni kazi ya kutengeneza betri ya kuendeshea magari. Nimeonelea niiandike mwaka huu kwa sababu pikipiki za umeme zimekwisha kuingia katika barabara za Kenya, na sisi tunaotoka Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma tunajiuliza kama zitaiweza milima na matope ya kwetu. Swali kama hilo, jamani, liliulizwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na Edison alikuwa miongoni mwa waliojitosa kulijibu.

Thomas Alva Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, Samuel, alikuwa mtu wa kujaribu biashara hii na ile. Mama yake, Nancy, alikuwa amewahi kufanya kazi ya ualimu. Mwaka 1854 familia ilihamia Port Huron, jimbo la Michigan, na huko ndiko kijana alikopelekwa shule. Hakudumu. Alikuwa mtoto wa maswali mengi na mawazo ya kuhamahama, na mwalimu wake akamwona kuwa mzito wa kichwa. Mama alikasirika, akamtoa mwanawe shuleni, akaamua kumfundisha mwenyewe nyumbani. Aliyofundishwa na mamaye hayakupotea bure, kwani kijana alitokea kuwa msomaji wa kupindukia, na vitabu vya kemia ndivyo vilivyomnasa zaidi.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya gari moshi lililokwenda kati ya Port Huron na Detroit. Hakuna tofauti kubwa na vijana wanaouza njugu na mahindi ya kuchoma pale Webuye kila matatu inaposimama. Ila huyu wetu alikuwa na lake jambo. Katika behewa la mizigo alipanga chupa zake za kemikali, akawa anafanya majaribio safari ikiendelea. Inasimuliwa kwamba siku moja chupa ilianguka, behewa likashika moto, na kijana akateremshwa pamoja na maabara yake yote. Tangu utotoni pia masikio yake yalikuwa mabovu, na kadiri alivyokua ndivyo uziwi ulivyozidi.

Mwaka 1862 alimwokoa mtoto wa msimamizi wa stesheni moja, aliyekuwa akicheza relini huku behewa likimjia. Baba wa mtoto hakuwa na mali ya kumtuza, basi akamfundisha kazi ya telegrafu, yaani kupeleka habari kwa alama kupitia waya. Tusiipuuze kazi hiyo tukidhani ni ya kizamani tu. Simu za wakati ule hazikuwa na stima ya kutoka ukutani. Zilitegemea mitungi ya betri iliyojaa asidi. Kwa hiyo tangu ujana wake Edison alikuwa mtu wa kushika betri, kuzijaza na kuzisafisha, hata kuchomwa nazo. Mjini Louisville, mwaka 1867, akiwa kazini usiku, alikuwa akichezea majaribio yake asidi ikamwagika, ikapenya sakafuni na kuidondokea meza ya mkubwa wake katika chumba cha chini. Kesho yake alikuwa hana kazi.

Mambo yaliyofuata ndiyo tuliyoyasoma vitabuni, kwa hiyo nitayapita haraka. Alifika New York mwaka 1869, akafungua karakana Newark, kisha mwaka 1876 akajenga maabara yake Menlo Park. Huko alitoa santuri mwaka 1877 na balbu iliyodumu kuwaka mwaka 1879. Tarehe 4 Septemba 1882 alifungua kituo cha umeme katika barabara ya Pearl, jijini New York. Alikuwa amemwoa Mary Stilwell mwaka 1871, wakapata watoto watatu, lakini Mary akafariki mwaka 1884. Miaka miwili baadaye alimwoa Mina Miller, na mwaka 1887 akafungua maabara kubwa zaidi huko West Orange, jimbo la New Jersey.

Msidhani kwamba kila alichogusa kiligeuka dhahabu. Alishikilia umeme wa mkondo mmoja, ule unaokwenda upande mmoja tu, akapigana vikali na waliotaka umeme wa mkondo geu. Akashindwa. Leo umeme unaosafirishwa kwa nyaya kutoka mabwawa kama Turkwel hapo kaskazini mwa Kitale, lililokamilika mwaka 1991, ni wa mkondo geu, kwa sababu ndio unaofika mbali bila kupotea sana njiani. Baadaye, katika miaka ya 1890, alizamisha fedha zake katika mradi wa kuchambua madini ya chuma kwa sumaku. Chuma cha bei rahisi kikagunduliwa kwingine, na mradi ukafa na mali yake. Hapo alikuwa amepita umri wa miaka 50. Wengi wa rika lake wangetafuta kigoda wakae kivulini. Yeye akageukia betri.

Kwa nini betri? Ili tuelewe, tutazame barabara za Marekani mwaka 1900. Magari yaliyokuwapo yalikuwa ya aina tatu. Yalikuwapo ya mvuke, ya petroli, na ya umeme. Naam, ya umeme! Kati ya magari yaliyotengenezwa Marekani mwaka huo, zaidi ya robo yalikuwa ya umeme. Hayakuwa na moshi wala kelele, wala dereva hakuhitaji kuzungusha mkono wa chuma ili injini iwake, kazi iliyovunja watu mikono. Ubaya wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa betri.

Betri ya siku zile ilikuwa ya risasi na asidi. Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, na mwenzake Camille Faure akaiboresha mwaka 1881. Mpaka leo ni jamaa ya hiyo inayowasha injini za matatu na kuhifadhi umeme wa jua katika nyumba nyingi za vijijini. Ni betri nzuri, lakini risasi ni nzito mno, na asidi hula vyuma. Gari lilijikuta linabeba betri badala ya kubeba watu. Aidha, betri hiyo ikiachwa bila chaji kwa muda mrefu huharibika, jambo ambalo kila mwenye sola kijijini analijua kwa uchungu.

Edison alitaka betri nyepesi zaidi, isiyotumia asidi, na ambayo ingevumilia kutumiwa vibaya. Mnamo mwaka 1899 yeye na wanakemia wake, akiwemo Jonas Aylsworth, walianza kutafuta. Betri, kwa kifupi, ni ndoa ya vitu vitatu. Kuna bamba la upande chanya, bamba la upande hasi, na maji ya dawa yanayokaa katikati. Ukiichaji, umeme hubadilisha kemikali za mabamba. Ukiitumia, kemikali hurejea zilivyokuwa na kuutoa umeme ule. Ugumu ni kuzipata kemikali ambazo zitakwenda na kurudi maelfu ya mara bila kuchoka. Walijaribu metali nyingi na michanganyiko isiyo na idadi. Mwishowe wakatulia kwenye nikeli upande chanya na chuma upande hasi, na maji ya potashi kali katikati. Potashi hiyo ina asili moja na munyu wa majivu ambao akina mama wa huku kwetu huutia katika mboga ili zilainike, ila hii ni kali zaidi na ingekuchubua vidole.

Haki itendeke hapa. Edison hakuwa peke yake duniani katika fikira hiyo. Huko Uswidi alikuwapo mhandisi Waldemar Jungner, aliyekuwa akifanya kazi kwenye betri za nikeli wakati uleule, na wawili hao wakazozana kuhusu nani mwenye haki ya uvumbuzi. Jungner hakuwa na mali ya kupigana vita hivyo kama Edison. Jina lake limebaki nyuma, ingawa mchango wake ni mkubwa.

Mwaka 1901 Edison aliunda kampuni ya betri, na kufikia mwaka 1904 betri zake zilikuwa zinauzwa. Ziliitwa aina ya E. Magazeti yalizisifu na Edison mwenyewe alikuwa amezisifu zaidi, kwani hakuwa mtu wa kunyamaza. Basi hapo ndipo shida ilipobisha hodi. Baadhi ya betri zilianza kuvuja kwenye maungio ya kopo. Nyingine zilianza kupoteza nguvu baada ya kutumiwa kwa muda, na hakuna aliyejua sababu.

Wenzangu, hebu tujiweke katika nafasi yake. Umeahidi dunia nzima kitu. Kiwanda kimejengwa, wafanyakazi wapo, wateja wanazidi kuja, na wengine kati yao hawana malalamiko kabisa kwa sababu hata betri hiyo yenye kasoro inawafaa kuliko ile ya risasi. Ungefanya nini? Mfanyabiashara mwingine angeendelea kuuza na kuwaambia wanaolalamika kwamba hawajui kutumia. Edison alisimamisha kiwanda. Akazirejesha betri zilizokuwa mikononi mwa wanunuzi, akakubali hasara na aibu, kisha akarudi maabarani kuanza upya. Hakurudi sokoni na betri mpya mpaka mwaka 1909.

Miaka mitano hiyo ndiyo kiini cha habari hii. Ile hadithi tunayoisikia mara kwa mara, ya Edison kujibu kwamba majaribio yasiyofaulu yamemfundisha maelfu ya njia zisizofaa, watu huihusisha na balbu. Rafiki yake Walter Mallory, ambaye ndiye aliyeisimulia, aliisimulia kuhusu betri. Mallory alimkuta kwenye meza iliyojaa vijibetri vya majaribio, akamwonea huruma kwamba kazi yote ile haijazaa tunda, na mzee akamshangaa kwamba haoni matunda.

Kasoro ilipatikana hatua kwa hatua. Ndani ya upande wa nikeli walikuwa wamechanganya grafati, ile iliyo katika penseli zetu, ili umeme upite vizuri. Grafati ile haikudumu. Ikabidi watafute kitu kingine, nao wakaamua kutumia vipande vyembamba vya nikeli yenyewe. Lakini utapataje karatasi ya nikeli nyembamba kiasi hicho? Walipaka silinda tabaka la shaba kwa umeme, juu yake nikeli, tena shaba, tena nikeli, mara nyingi. Kisha wakalibandua ganda lote, wakalikata vipande vidogo na kuiyeyusha shaba kwa dawa. Zikabaki chembe za nikeli nyembamba kupita kiasi. Chembe hizo zilishindiliwa ndani ya mirija ya chuma yenye matundu, tabaka kwa tabaka, pamoja na unga wa nikeli unaohifadhi umeme. Makopo nayo yakachomelewa vizuri ili yasivuje. Tena ndani ya yale maji ya potashi waliongeza kiasi kidogo cha dawa ya lithiamu, wakaona betri inatunza umeme mwingi zaidi na kudumu zaidi. Lithiamu ndiyo jina linalotajwa leo katika betri za simu na pikipiki, ingawa humo inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa.

Upimaji wake ulikuwa wa kikatili. Mashine ilizinyanyua betri na kuziangusha tena na tena mchana na usiku, mfano wa gari linalopita barabara ya mashimo. Magari ya majaribio nayo yalipelekwa kwenye barabara mbovu kwa makusudi. Edison alijua kwamba betri inayofanya vizuri juu ya meza ya maabara si kitu mpaka ihimili barabara. Mtu wa kwetu aliyepanda pikipiki kutoka Chwele wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Betri mpya, aina ya A, ilikuwa imara ajabu. Ungeweza kuiacha bila chaji, kuichaji kupita kiasi, au hata kuisahau kwa miezi, nayo isife. Magari ya kampuni kama Detroit Electric yaliuzwa yakiwa nayo, na magari mengi ya kusambaza bidhaa mijini yakaitumia. Edison alikuwa ametumia zaidi ya dola milioni moja.

Lakini saa ilikuwa imempita. Mwaka 1896, katika karamu moja huko New York, alikutana na kijana mhandisi aliyemweleza habari za gari lake la petroli. Edison alimtia moyo kwa moyo mweupe. Kijana huyo aliitwa Henry Ford. Mwaka 1908 Ford alitoa gari lake la Model T, na bei yake ikawa inashuka mwaka hadi mwaka. Kisha mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ikatoa magari yenye mota ya kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering. Mikono ya watu ikaacha kuvunjika. Na mota hiyo, tazameni mambo, ilizungushwa na betri ya risasi! Ile ya Edison ilikuwa ghali, ilidhoofika wakati wa baridi, na haikuweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja kama injini inavyotaka. Mwaka 1914 Ford na Edison, ambao sasa walikuwa marafiki wa chanda na pete, walitangaza kwamba watatengeneza gari la umeme la bei nafuu. Mpango huo haukuzaa gari hata moja la kuuzwa.

Kuna jambo zito zaidi. Betri ya Edison ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka. Tarehe 15 Januari 1916 nyambizi ya Marekani iitwayo E-2, iliyokuwa ikijaribu betri hizo, ililipuka bandarini Brooklyn na mabaharia wakafa. Mabishano kuhusu wa kulaumiwa yalikuwa makali. Kwetu sisi tunaosoma leo, somo ni kwamba kifaa kinachohifadhi nguvu nyingi mahali padogo hakina mzaha, na anayekitengeneza amebeba roho za watu mkononi.

Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931 nyumbani kwake West Orange, akiwa na umri wa miaka 84. Aliacha hati 1,093 za uvumbuzi nchini Marekani. Betri yake haikufa naye. Iliendelea kutumika kwenye taa za wachimba migodi, ishara za reli na magari ya mizigo ya viwandani, na kiwanda hakikuacha kuitengeneza mpaka miaka ya 1970.

Sasa turudi huku kwetu. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu, na tangu hapo ndoto ya magari ya umeme ikafufuka. Jirani zetu wa ng'ambo ya Malaba hawakulala. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere waliendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili walilolitengeneza wenyewe, na baadaye likaja basi la Kayoola. Hapa Kenya ziko kampuni zinazounda pikipiki za umeme, nyingine zikiwa na vituo ambapo mwendeshaji huacha betri iliyokwisha na kupewa iliyojaa, kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi.

Kazi hiyo inataka wahandisi wa betri. Mhandisi huyo atauliza maswali yaleyale ya Edison. Betri ina uzito gani? Itamfikisha abiria umbali gani ikipanda mlima na magunia mawili ya mahindi? Itadumu miaka mingapi? Ikipata joto itafanya nini? Mwenye boda boda wa Bungoma hana akiba ya kununulia betri ya pili ya kwanza ikimfia. Akidanganywa, ni watoto wake watakaolala njaa. Ndiyo maana naona lile tendo la Edison la kufunga kiwanda na kuzirejesha betri zake ni kubwa kuliko hata balbu.

Wapo watakaosema kwamba Edison hakusoma shule, kwa hiyo nasi tutafaulu bila kusoma. Huo ni udanganyifu. Alisoma vitabu usiku na mchana, na pale ujuzi wake ulipokoma aliajiri waliosomea kemia na hisabati. Siku hizi somo la kemia tunalolikimbia, lile la mabamba mawili ndani ya bika la maji ya chumvi, ndilo mlango wa kuingilia kazi hii. Walimu wetu wamelifundisha vizuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname basi, wanafunzi wenzangu, ili betri zitakazopita barabara ya Kitale na Bungoma miaka ijayo ziwe zimepimwa kwenye mashimo yetu wenyewe na watu wanaoyajua.